Kioo Kilichosalimiwa

Yule dada wa maabara, kule hospitali Mbeya, hazijui sura za wagonjwa wake. Wanamfikia wakiwa vipande vyembamba vya nyama juu ya kioo cha hadubini, naye anavidondoshea kingamwili, protini za kinga ya mwili, zilizobandikwa rangi ya kahawia, polepole, kama anayemtia mtoto dawa ya macho. Chai anakunywa peke yake, ameupa mlango mgongo. Mzee Kalinga, aliyemleta mkewe kutoka Kilolo akiwa na uvimbe wa titi, amekwisha kumzoea dada huyo kupitia dirisha. Dada mwenyewe ndiye aliyemweleza: rangi ikishika, basi kingamwili kama hizo, zikibebeshwa dawa kali, zitaufuata uvimbe ulipo; isiposhika, dawa hiyo si ya mama. Zaidi ya hapo, “Majibu ni ya daktari, baba.”

Leo mzee kamsikia akisoma jina la mkewe kwenye kioo, kisha akakiambia taratibu, “Kamwene, mama.” Salamu ya kwao Iringa, huku ugenini! Ikamtoka mzee yenyewe: “Kamwene!”

Dada akashtuka, akacheka. “Kumbe unanisikiliza, baba? Utasema nimechanganyikiwa.”

“Mimi naongea na ng’ombe, mwanangu.”

Dada akakiinua kile kioo kwenye mwanga wa dirisha, akakishikilia hapo mpaka mzee akaona: kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea. Mzee akajifunika uso kwa kofia. Alipoiondoa, dada alikwisha kugeuka, kachukua kioo kingine, kasoma jina. Akakisalimu nacho, akangoja kidogo, kama mtu anayetegemea kuitikiwa.