Shehe Kacheka Kwenye Hitima ya Babu

Leo Shehe kacheka katikati ya dua. Kwenye hitima ya babu yetu, Mzee Kombo, hapa Kengeja.

Alianza vizuri. "Yaa Rabbi, msamehe mja wako Kombo..." Mabega yakamtikisika.

Tukadhani analia. Baba akamnong'oneza, "Subira, Shehe."

"Nimekumbuka mchezo wa ng'ombe," akasema Shehe, kumbe anacheka. "Kombo kamchokoza ng'ombe, kisha kakimbilia nyuma ya joho langu. Tukapanda mkarafuu mmoja. Kule juu akaniuliza kama nina udhu."

Hakuna aliyecheka. Sote tukageukia mlango wa Bibi, mjane wa Babu, ambaye ni dadake Shehe. Tangu mazishi hajasema neno wala hajala.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Nani aliyekushusheni, kaka?"

"Wewe, dada."

"Mlikuwa mkilia wote wawili."

Hapo ua mzima ukaangua kicheko. Bibi akaomba sahani ya muhogo, maana kwa vita hivi vya ng'ambo mchele haupatikani. Kaimaliza.

Dua kaimalizia Baba. Shehe alishindwa.

Jamaa wa Mtambile na Mgogoni mtakaopata habari hii, nyinyi Babu alikufanyieni vituko gani? Semeni, Bibi anasikiliza.