Viatu vya Prefe

Kwa miaka kumi na minane nilifundisha kujaa na kupwa kwa maji ya bahari bila kuiona bahari hata siku moja. Sikuona aibu. Mwenzangu wa historia naye hakuwahi kusalimiana na Farao, na hakuna aliyemuuliza. Nilikuwa na chaki na mchoro wangu wa mwezi na dunia. Wanafunzi wangu wa Bukavu, ambao ziwa lao halitoki mahali pake, walinakili kimyakimya.

Ndiyo maana niliumia niliposikia kwamba prefe, yaani mkuu wa shule yetu, anafikiria kuninyang'anya jeografia ya darasa la mwisho. Alitaka kumpa mwalimu mpya, binti aliyetoka chuo kikuu juzijuzi, mwenye kompyuta ya mkononi na picha zinazotembea ukutani. Darasa la mwisho ndilo darasa la heshima. Ukiondolewa hapo unarudishwa kwa watoto wa mwaka wa kwanza, kuwafundisha mashariki na magharibi mpaka ustaafu. Nilimchukia yule binti kwa moyo wangu wote, na kila asubuhi nilimwamkia kwa adabu.

Basi tulipoalikwa kwenye semina ya walimu Dar es Salaam, watu saba, prefe akiwa mbele na yule binti akiwemo, nilijua nimepata nafasi. Siku ya mwisho tulipewa asubuhi nzima ya kutembea mjini kabla ya sherehe ya kufunga, ambapo prefe angetoa hotuba ya shukrani kwa niaba ya Wakongomani wote. Nikainua mkono kabla mtu hajauliza.

"Kiongozi niko mimi," nikasema kwa Kiswahili chetu cha Bukavu. "Jeografia njo kazi yangu."

Tulitoka na makoti. Mtu wa Bukavu hapigwi picha ugenini bila koti, hata kama ugeni wenyewe unachemka. Kufika saa tatu asubuhi shati langu lilikuwa limenigandia mgongoni, lakini hakuna aliyevua, kwa kuwa prefe hakuvua. Yeye alikuwa amevaa na viatu vyake vya sherehe, vyeusi, vyenye ncha, alivyokuwa akivipangusa kwa kitambaa kila tulipovuka barabara.

Niliwaongoza vizuri sana. Kila jengo kuukuu nililoulizwa, nilisema limejengwa na Wajerumani. Kanisa, Wajerumani. Ghala bandarini, Wajerumani. Mlinzi mmoja aliponisikia akacheka, akasema jengo lake lilijengwa na shemeji yake, na kwamba rangi ilichakaa kwa sababu ya chumvi. Nikamwambia prefe kwamba walinzi wa siku hizi hawasomi. Prefe akatikisa kichwa kwa masikitiko, nami nikahisi darasa la mwisho linanirudia.

Saa nne na nusu tukafika ufukweni. Bahari haikuwepo. Ilikuwa kule mbali, mstari tu, na mbele yetu kulikuwa na mchanga uliolowa, madimbwi na majani ya kijani.

"Iko wapi sasa?" akauliza mwenzetu wa hesabu. "Tulifanya siku zote zile mu basi, juu ya kuona matope?"

Moyo ukaruka kwa furaha. Hili ndilo somo langu! Nikawaambia wavue viatu tuifuate bahari ilikokwenda. Karibu na hapo palikuwa na jiwe pana, fupi, nikaamuru viatu vipangwe juu yake. Kwetu jiwe la ziwani likiwa nje ya maji mwezi huu, mwezi ujao utalikuta nje, na mama anayefulia pale atakuwa yuleyule. Yule binti, aliyeniita papa, yaani baba, kwa heshima ya kwetu, akaligusa kwa kidole.

"Papa, hii jiwe iko na majimaji."

"Ni umande, madame," nikamjibu.

Saa nne na nusu za asubuhi, chini ya jua lile, nikasema umande. Yeye akabaki na viatu vyake mkononi. Nikafikiri ni madaha ya wasomi.

Tukatembea hadi kwenye tuta la mchanga. Huko nikaokota kijiti, nikachora dunia, nikachora mwezi, nikachora mishale. Wote wakainama kutazama, hata prefe, suruali imekunjwa mpaka magotini. Sijawahi kufundisha vile maishani mwangu. Niliwaeleza jinsi mwezi unavyoyavuta maji, jinsi yanavyokwenda na kurudi mara mbili kwa siku. Nikapiga mguu chini. "Hapa hapa tunaposimama," nikasema, "maji itarudia!" Prefe akashangaa kwa Kifaransa, "Tiens!" Nikaanza upya kwa ajili ya hilo tiens.

Mama mmoja aliyekaanga mihogo kule juu akatupigia kelele. "Nyie! Viatu vyenu hivyo! Maji yanajaa!"

"Aksanti, maman! Tunamaliza somo!"

"Haya, malizeni!"

"Papa, maji..." akaanza yule binti.

"Maulizo mwishoni, madame."

Nilikuwa kwenye mshale wa nne maji yalipofika kwenye mchoro na kuufuta mwezi. Nikatazama nyuma. Kati yetu na ufukwe kulikuwa na mto. Jiwe halikuwepo, na viatu vya walimu wa Kivu vilikuwa vinaelea kimoja kimoja, vikizunguka polepole kama bata.

Tukakimbia na makoti yetu. Mwenzetu wa hesabu alianguka kifudifudi na kuinuka na kiatu kisicho chake. Yule binti alituzidi wote, akaokoa vinane au tisa akavikumbatia kifuani. Mama wa mihogo alicheka hadi akakaa chini, na watoto waliokuwa wakiogelea wakatuletea vingine. Mwisho tukahesabu. Vyote vilikuwepo isipokuwa kimoja cha prefe, cha kushoto. Yeye alisimama amekishika cha kulia, maji yanamchuruzika ndani ya koti, akaitazama bahari.

"Kwa hiyo iko inarudia kweli," akasema. Basi.

Alitoa hotuba ya Wakongomani wote akiwa amevaa kandambili za bluu za mlinzi wa hosteli yetu, tena zilizomzidi. Nilikaa safu ya nyuma. Niliona aibu. Haikuwa aibu ya viatu. Niliona waziwazi kwamba yale maneno nilikuwa nayo yote, kwa mpangilio, miaka kumi na minane, na mimi mwenyewe sikuwahi kuyaamini. Niliwaambia maji yatarudi, nikaacha viatu vyangu njiani mwake. Binti aliyeligusa jiwe kwa kidole kimoja alikuwa amelielewa somo langu kuliko mimi.

Sherehe ilipokwisha nilimkuta prefe ameketi kwenye ngazi, anajipepea kwa karatasi ya hotuba. Nikakaa ngazi ya chini yake. Nilisema haraka, nisije nikabadili mawazo.

"Papa prefe, jeografia ya darasa la mwisho, umupatie ye. Anastahili."

Nilitegemea abishe kidogo. Nitasema ukweli, nilitegemea abishe sana. Prefe akaendelea kujipepea.

"Nilishamupatia," akasema. "Karatasi nilisaini kulekule Bukavu, mbele tutoke. Ye mwenyewe anajua."

Wajerumani wote wale, kijiti chote kile, kwa kazi iliyokuwa na mwenyewe tangu wiki iliyopita.

"Sasa mbona hamukuniambia?"

"Mie nilitaka kukuambia palepale. Ye njo alinikataza," akasema prefe, akitazama vidole vyake ndani ya zile kandambili. "Alisema, papa yule hajaona bahari hata siku moja. Tumuache kwanza aione."