Jinsi beji ya binti yangu ilivyonusurika kwenye gari la taka Gerezani

Wakuu, heshima kwenu.

Ninayoandika hapa niliyaona kwa macho yangu, na sehemu mbaya niliifanya kwa mikono yangu mwenyewe. Sina sababu ya kutia chumvi.

Mimi nina duka la vifaa vya bomba Gerezani, hatua chache kutoka Kariakoo. Binti yangu Ndeshi ana miaka kumi na tatu, ni skauti wa kike shuleni kwao. Tangu mwaka uanze alikuwa anaitafuta beji ya huduma kwa jamii.

Kwa wasiojua: beji hii haitolewi kwa mtihani. Msichana anafanya kazi ya kusaidia watu, halafu mtu mmoja aliyesaidiwa anaandika ushahidi kwenye kitabu chake. Hakuna ushahidi, hakuna beji.

Ndeshi alikuwa kiongozi wa kikundi cha wasichana sita. Wakaamua kusafisha uchochoro wa nyuma ya maduka yetu. Mwalimu wao, Mwalimu Zuhura, akaniomba niwe mlezi wa siku hiyo, maana yeye angechelewa kufika.

Jumamosi saa moja asubuhi wakafika na skafu zao shingoni, mifagio mkononi. Nawaambieni, walifagia! Makuli wanaopita na mizigo wakawa wanapunguza mwendo kuangalia.

Saa mbili na nusu likaja gari la taka, lile la wazi nyuma. Pembeni ya ukuta kulikuwa na salfeti saba, yale magunia ya plastiki, zimejaa makopo ya maji na soda.

Ndeshi akauliza, "Baba, na hizi?"

Nikasema pakieni. Tena nikanyanyua mbili mwenyewe.

Napita uchochoro ule kila asubuhi nikifungua duka. Najisifu kuwa mtu wa kuona mambo. Lakini kila salfeti ilikuwa imefungwa kwa kipande cha kitenge chekundu, mafundo mawili, na akili yangu haikujiuliza ni nani anayefunga taka kwa mafundo mawili.

Gari likaondoka. Haikupita nusu saa, akatokea bibi mmoja anasukuma toroli. Tunamwita Bi Somoe, anaokota makopo mitaa yetu. Akasimama, akautazama ukuta mtupu.

Kinjal, mmoja wa wale sita, rafiki wa Ndeshi kutoka Upanga, akawahi kwa adabu: "Shikamoo bibi."

"Sitaki shikamoo, nataka salfeti zangu."

Wakuu, kumbe zile hazikuwa taka.

Ile ilikuwa kazi yake ya mwezi mzima. Mnunuzi anapita mara moja kwa mwezi, na alikuwa anakuja siku hiyohiyo mchana. Gari la taka likishafika dampo, basi tena.

Jirani yangu wa duka la spea, ambaye huniita Mangi kama wanavyoitwa Wachaga wenye maduka, hakuniacha. "Mangi! Hata makopo ya bibi unayataka?" Watu wakacheka. Bi Somoe hakucheka.

Ndeshi akaweka ufagio wake chini. Akamsogelea. "Bibi, mimi ndiye niliyewaambia wenzangu wapakie."

Nikasema hapana, mimi ndiye niliyeruhusu. Bibi akatuangalia wote wawili. "Mtagombania kosa mpaka saa ngapi? Gari limeelekea wapi?"

Nikawaacha wengine kwa mke wangu dukani. Mimi, Ndeshi na Bi Somoe tukarukia bajaji. Dereva akauliza tunamfukuza nani. Nikamwambia gari la taka.

"Hilo halifukuzwi kaka, linanuswa," akasema, akakanyaga.

Akawa anaulizia kwa wenzake kila kona. Mtaa wa kwanza limeshapita. Wa pili limeshapita. Bi Somoe alikuwa ameshika chuma cha bajaji kwa mikono miwili.

Mtaa wa nne tukalikuta. Limepaki kwa mama lishe, dereva yuko kwenye benchi na bakuli la supu.

Nikajieleza. Akatikisa kichwa. "Taka ikishapanda ni ya dampo, bosi."

Bi Somoe akakaa kwenye benchi lake. "Mwanangu, mimi na wewe tunakula mahali pamoja. Wewe unabeba, mimi naokota. Leo unanifungia mlango?"

Dereva akaangalia bakuli lake. Kisha akamwambia mama lishe aongeze chapati moja. "Pandeni mtafute wenyewe. Chapati ikiisha, naondoka."

Ndeshi alishapanda kabla hajamaliza sentensi.

Nikamfuata. Maganda ya ndizi, maboksi yaliyolowa, sitaki kuwaelezea harufu. Kitambaa chekundu kikionekana, tunavuta, tunashusha, bibi anapokea. Moja ilikuwa imepasuka, tukaokota kopo mojamoja. Dereva, namshukuru mpaka leo, ile chapati aliila kama mtu anayeumwa jino.

Zikatimia saba. Bi Somoe akazigusa mojamoja.

Mnunuzi alipofika mchana alizikuta ukutani.

Mwalimu Zuhura aliposikia habari yote akakataa kuihesabu kazi ya siku ile. "Mmemsaidia nani, kama hamkumuuliza hata mtu mmoja anachohitaji?"

Basi wakamuuliza Bi Somoe. Akasema vidole vinamuuma. Makopo yanatakiwa yatolewe vifuniko kabla ya kuuzwa, na kazi hiyo inamliza.

Jumamosi nne wasichana sita walikaa uchochoroni wakifungua vifuniko. Hakuna aliyepunguza mwendo kuwaangalia.

Siku ya ushahidi Bi Somoe akasema yeye hajui kuandika, Ndeshi aandike na yeye ataweka dole gumba.

"Andika: walinitupia mali yangu."

Kalamu ikasimama. Ndeshi akamwangalia mwalimu. Mwalimu akaangalia pembeni.

"Andika mwanangu, si ndivyo ilivyokuwa? Haya. Sasa andika: wakaifuata, wakairudisha, wakaniuliza shida yangu. Na hiyo usiiandike kwa herufi kubwa kuliko ile ya kwanza."

Msimamizi wa beji aliisoma mara mbili mbele yetu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumfariji mtoto. Akafunga kitabu, akafungua boksi, akambandika beji kifuani.

Nilichojifunza: kabla hujamsaidia mtu, muulize. Na ukimkosea, panda juu ya gari ukatafute.

Wakuu, kuna aliyewahi kumharibia mtu akidhani anamsaidia? Mliyamalizaje? Na wenye mabinti skauti, wao walifanya huduma gani? Nasoma maoni yenu hapa dukani, wateja bado hawajaanza kuja.