Mazoezi ya Kumkaribisha Meja

Mume wangu aliponioa alinipa sharti moja tu, nisitoke. Si kwamba alikuwa mkali. Ndivyo walivyooa wenzake wote pale Konde, kisiwani kwetu, na mimi sikuona tabu. Dukani alikwenda mdogo wake, sokoni alikwenda mama mkwe, na mimi nilikuwa na kuku wangu na ua wa makuti nyuma ya nyumba. Mwenyewe alikuwa askari Bara. Babu yake alitokea huko, kwa hivyo alipokwenda kujiandikisha jeshini alikuwa na jamaa wa kumpokea. Akapanda mpaka akawa sajini, na miaka yote hiyo nilikaa kwa mama yake, kwa sababu alisema kambi si pahala pa mke wake.

Uhuru wa Bara ulipokuwa unanukia, akaja likizo na kofia mpya. Alikuwa amechaguliwa kuingia chuo kinachowafunza uafisa askari waliopanda kutoka chini, na alikuwa amekwisha kufika nusu ya mafunzo. Nilidhani wanafunzwa kupiga bunduki. Akanicheka. Bunduki waliijua kabla ya baadhi ya walimu wao kunyoa ndevu. Walichofunzwa sasa ni kushika uma na kisu, kutokula tena na masajini waliokuwa sahibu zao hadi juzi, na kukubali kuitwa bwana na koplo yule yule anayewatukana uwanjani. Nikamuuliza inakuwaje mtu akuite bwana na kukutukana kwa pumzi moja. Akasema hata yeye hajaelewa, lakini ndivyo ilivyo.

Halafu akatoa lililomleta. Siku ya kumaliza kutakuwa na chakula cha usiku, na kila mwanafunzi aende na mkewe. Wake hawatakaa chumba chao. Watachanganywa mezani na wanaume, kila mmoja kati ya waume wa wenziwe, na Meja, ambaye ndiye mkuu wa chuo, atazungumza nao akiwatazama. Asiyekuwa na mke wa kumleta, Meja atajiuliza kama nyumba yake inafaa kuwa nyumba ya afisa. Mume wangu aliamini kabisa kwamba nyota yake ya uafisa iko mikononi mwangu. Likizo ikiisha nifuatane naye, nikae kwa jamaa zake mpaka siku hiyo.

Nilidhani ananipima. Nikamwambia, wewe uliyenikataza kwenda kununua chumvi? Akajibu kwamba hii si chumvi, hii ni kazi. Nikaenda jikoni nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi bila nazi, nimechanganyikiwa na nina hasira, na sikujua hasira ile nimwelekezee nani. Nilitegemea mama mkwe atakataa. Kumbe yeye nyota aliitaka kuliko hata mwanawe. Akaniambia mwenye amri ni mume. Basi amri iliyonifungia ndani ndiyo hiyo hiyo iliyonitoa nje, na mimi nilitakiwa nizitii zote mbili bila kuuliza.

Tukaanza mazoezi ukumbini, baada ya sala ya alasiri, mlango umefungwa. Meza tuliazima kwa mwalimu wa skuli. Shemeji yangu, yule mdogo wake, akavishwa kofia ya kijeshi akawa ndiye Meja, na kazi hiyo aliipenda kupita kiasi. Alikuwa akikohoa kizungu kabla ya kukaa. Siku ya kwanza mama mkwe alipika pweza. Mwenye kutaka kujua tabu yangu na ajaribu kumkata pweza kwa kisu butu huku ameketi wima. Kipande changu kiliruka kikaangukia mapajani mwa Meja.

Lakini pweza haikuwa tabu kubwa. Tabu ilikuwa macho. Tangu nikiwa mdogo nilifundishwa kuinamisha uso mbele ya mwanamume, na mume wangu alinisifu kwa hilo mbele ya mama yangu. Sasa akasimama nyuma ya kiti changu akinifokea kama kuruta, tazama juu, mtazame Meja, muulize habari za safari, akitania cheka kidogo. Nilipoinua uso machozi yalinitoka. Akaniambia nikienda namna ile watamrudisha usajini na kambi nzima itamcheka. Nikamwonea huruma. Nikaazimia kujifunza, na nikishaazimia jambo mimi ni mbishi.

Siku ya mwisho nikavaa kanga zangu mpya nikampa Meja mkono. Shemeji akababaika, kisha akaupokea. Nikamtazama usoni nikamuuliza safari ilikuwaje. Akasema bahari ilichafuka, akatapika ndani ya kofia yake mwenyewe na ilimbidi aivae hivyo hivyo kwa sababu bendi ilikuwa inamsubiri. Nilicheka, si kidogo kama nilivyofunzwa, nilicheka kweli. Nikamuuliza bendi ilifanya nini. Akanieleza. Uma ulikwenda wenyewe mkononi. Sijawahi kukaa mezani nikazungumza na watu vile, na sitasema uongo, nilifurahi.

Nilipogeuka, mume wangu alikuwa ameacha kula. Akamvua mdogo wake kofia akaiweka mezani.

"Inatosha," akasema.

Nikamuuliza nimekosea wapi.

"Hujakosea."

"Sasa?"

"Umeweza mno."

Akatoka nje. Shemeji akabaki anatazama sahani yake, na kwa siku nyingi baadaye akawa hanitanii tena. Asubuhi mume wangu alipanda gari la abiria kwenda kushika meli Mkoani, peke yake. Mzigo wangu ulikuwa umefungwa uko mlangoni. Aliuruka akapita, na mimi nikaufungua.

Nyota aliipata. Miezi ikapita, akaja nayo begani pamoja na afisa mwenzake aliyesoma naye, mtu wa Bara, mchangamfu. Mimi na mama mkwe tulikuwa nyuma ya pazia tunapakua wali. Mgeni akapaza sauti kutoka ukumbini.

"Shemeji, pole na maradhi. Wake zetu wanakusalimu sana. Usiku ule wa chakula, mumeo alipotwambia hali yako, tulikuombea dua sote."

Akampa mume wangu kopo la unga wa kuongeza nguvu aniletee. Nikasubiri mume wangu aseme neno. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe, basi. Nikajibu kwamba nashukuru, wasalimie sana, nimepata nafuu.

Mama mkwe akaweka upawa chini akanitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Waumwa nini, mwanangu, na mie nsijue?"

Nikamwambia aende akamuulize mwanawe, maana mimi sijaambiwa.