Mkwe Aliyekuja Matangani

Papa Safari alimpata mke wake matangani, katika ukumbi nilioutafuta mimi, baada ya sisi kumficha kwa miezi minne. Hakuvunja mlango wala hakumfuata mtu. Alipewa habari kwa heshima zote. Nawaeleza vijana mnaoingia katika kazi hii, kwa sababu mtafundishwa mengi kuhusu fomu na machache kuhusu matanga.

Nilianza kazi asubuhi ya mvua, katika nyumba ya hifadhi ya wanawake waliopigwa na waume zao hapa Brussels. Kabla ya hapo nilikuwa mkalimani katika mtaa wa Molenbeek. Mkurugenzi, Mbelgiji asiyepoteza maneno, alinipa funguo na kanuni mbili. Ya kwanza, anwani ya nyumba haitajwi kwa yeyote. Ya pili alinitazama usoni akiisema: "Ukikutana na mwanamke wetu barabarani, humjui. Akikusalimu kwanza, itikia, uende zako."

"Hata kama ni Mkongo wa kwetu Bukavu?"

"Hasa huyo."

Kazi yangu iliitwa upatanishi wa kitamaduni. Haikuwa kumpatanisha mke na mume. Ilikuwa kusimama kati ya mwanamke na ofisi ili waelewane. Kila aliyeingia tulimfanyia tathmini ya hatari, yaani maswali: amewahi kukukaba koo, ana silaha, ana ufunguo wa kwako. Maswali mazuri. Lakini mwishoni palikuwa na mstari mmoja tu, "mtu wa karibu", na wanawake wa kwetu Kivu waliuacha wazi. Baada ya wiki chache wengi walirudi kwa waume. Kipigo hawakukisahau. Walishindwa kukaa mahali ambapo hakuna aliyewaita mama wa fulani.

Nikaomba kuongeza karatasi ya pili: nani alipokea mahari yako, nani anaweza kukusemea mbele ya familia, nani asiambiwe kitu. Jumatano tulipika bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, na karatasi tuliijaza jikoni.

"Hili ni jiko au ofisi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ni ofisi, madame. Huku ndiko wanakosema."

Miezi michache baadaye aliacha kuuliza, akawa anakuja na sahani yake.

Furaha, mke wa Papa Safari, aliletwa na polisi, meno mawili hayapo, binti yake Grâce mgongoni. Kwenye karatasi, penye mtu wa kumsemea, aliandika jina langu. Alianza kulala vizuri. Kisha mama yake akafariki Bukavu, na yeye hakuwa na hati za kusafiria. Akaacha kula.

"Maman, nitamulilia mama yangu mu chumba, peke yangu, kama muntu mwenye hana bantu?"

Niliomba tumfanyie matanga nje ya nyumba; mkurugenzi alikataa. Nilibishana naye siku mbili, hadi akatia sahihi. Nilipanga kwa uangalifu: ukumbi katika mtaa wa mbali, wenzangu wawili mlangoni, gari letu la kumleta na kumrudisha. Habari niliwapa akina mama watatu tu wa kanisani kwake, wale aliowaandika mwenyewe kuwa anawaamini; wao ndio wangewaita waombolezaji wengine.

Hakuna aliyemsaliti. Walimwambia Papa Safari kwa sababu mkwe huambiwa mama mkwe wake akifa; kumficha kungekuwa kumtukana marehemu. Desturi hiyo naijua tangu utoto. Karatasi yangu iliuliza nani ni nani kwa Furaha. Sikujiuliza Papa Safari alikuwa nani kwa aliyekufa.

Saa tisa mchana mama mmoja mzee alikuwa akinung'unika, "Matanga gani hii, ya kufunga saa kumi na mbili kama bureau ya serikali?" Watu wakacheka kidogo. Hapo ndipo Papa Safari alipoingia, suti nyeusi, kitenge kipya mikononi kwa ajili ya marehemu. Wazee walisimama kumpokea. Wenzangu wa mlangoni, ambao walikuwa na picha yake, walinitazama wakingoja ishara yangu.

Sikuitoa. Sikuweza kumfukuza mkwe mbele ya waliofiwa. Alikaa, akalia, na nadhani alilia kweli. Kisha akasema kwa sauti ya upole iliyosikika ukumbi mzima, "Maman Grâce, mama yetu amekufa. Twende tulie kwetu."

Furaha alinitazama. Mimi, mtu wa kumsemea, niliinamisha macho. Akamfunga mtoto mgongoni, wakatoka.

Jalada lake tuliliandika "ameondoka kwa hiari". Mkurugenzi hakunilaumu, na hilo lilinielemea zaidi. Nilifanya kazi miaka mingine sita, nikaongeza swali la misiba kwenye karatasi, nikastaafu kwa keki na maua.

Mwezi uliopita nilikutana na Furaha na mumewe katika barabara ya Chaussée de Wavre, mume amebeba mifuko ya sombe. Ni Furaha aliyenisimamisha. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Bonjour, maman."

"Bonjour, binti yangu."

"Unamujua?" mume akamuuliza.

"Hapana. Ni maman muzee, nitamupita bila salamu?"

Akaendelea kunishika, muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji, kisha akaniachia. Nilifuata kanuni: niliitikia, nikaenda zangu. Nilifika hadi kituo cha Porte de Namur ndipo nikageuka. Barabara ilikuwa imejaa watu, na sikuwaona tena.