Mguu Usikunjwe

Asubuhi ile, mimi muuguzi, nilisimama nikimpa daktari mirija ya kupenyeza kwenye mishipa ya damu mpaka mgongo ukaniuma. Mgonjwa alikuwa mkulima wa mpunga wa Kamsamba, anakohoa damu. Mshipa uliovuja ulichepuka kwa kona kali kutoka kwenye mshipa mkubwa. Mrija uliopinda kidogo uliupita. Wenye ncha ya ndoano uliingia, mgonjwa akakohoa, ukachomoka. Mwishowe daktari aliurudisha wa ndoano, akapenyeza ndani yake mwingine mwembamba kama uzi, akaziba palipovuja.

Wodini nilimwambia, "Baba, mirija tumeipitisha kwenye kinena. Mguu usiukunje mpaka jioni." Akakubali.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimekaa nivue viatu, mama mkwe wake akafika kutoka Tunduma. Akachuchumaa mlangoni akapiga makofi, kama tunavyosalimiana kwetu. Mkwe humwitikii ukiwa umelala. Mgonjwa akainuka, akakunja miguu apige ya kwake, na shuka likalowa damu.

Nikamlaza, nikakandamiza kinena kwa mikono miwili. Mama bado alikuwa amechuchumaa, anapiga makofi taratibu, anasubiri kuitikiwa, nami sikuwa na mkono wa kumpigia.