Pikapu ya Kijani Niliyoiuza kwa Mdomo

Waungwana, mwezi uliopita niliuza gari ambalo sikuwahi kuligusa, huku aliyelitaka ameketi pembeni yangu anamenya ndizi.

Huyo alikuwa baba mkubwa Ambindwile, mkulima wa chai hapa Ibighi. Alitaka pikapu mpya ya milango minne. Kijani iliyokolea, gia ya mkono, kilometa sifuri. Kikikosekana kimoja, hataki.

"Gwe, si unajifanya msomi? Nitafutie kwenye hiyo simu. Ukiipata nakupeleka shule nayo. Utakaa mbele."

Kukaa mbele, ndugu zangu. Kila muhula nafika getini kwa miguu, tranka kichwani. Bweni zima lingekoma.

Tatizo nilikuwa namchukia. Juzi yake alininyoa kipara kwa mkasi wa kuchumia chai, mbele ya Hellen wa jirani. Kosa langu: kumvalisha mbuzi wake tai yake ya kanisani.

Nikapekua tovuti za wauzaji. Nyeupe zilijaa kama kumbikumbi. Kijani ilikuwa moja tu, kwenye yadi moja ya Dar.

"Soma yote," akasema.

Nikasoma mpaka namba ya simu ya yadi. Midomo yake ikawa inacheza.

Kesho yake: "Bado ipo?"

Ilikuwepo. Lakini Hellen alipita barabarani, akatazama kichwa changu, akacheka.

"Imeuzwa, baba."

Ndizi ikamkaa mkononi. Nilisikia raha ambayo hata shetani angeomba kuazima.

Siku nne zilizofuata ni hayohayo.

"Angalia vizuri, kichwa kama yai."

"Imeuzwa, baba."

Siku ya sita nikafungua, gari halipo kweli. Nikajiona nabii.

Asubuhi ya kurudi shule nikasikia honi nje. Pikapu. Kijani iliyokolea. Baba mkubwa kwenye usukani, katulia kama askofu.

"Umeipataje?"

Akatoa simu yake ya kitochi mfukoni. "Miaka thelathini nakariri namba za magunia ya chai, hiyo moja ingenishinda? Siku ile ile uliposema imeuzwa niliwapigia. Wakasema, mzee, ipo. Nikaanza kuhangaikia malipo."

"Sasa mbona uliendelea kuniuliza?"

"Nilitaka kujua utachoka lini."

Nikabeba tranka mpaka mlango wa mbele.

Kitini kuna mbuzi. Ametandikiwa gunia. Amevaa tai.

"Hicho kiti kimeuzwa," akasema baba mkubwa, akawasha gari. "Nenda kaangalie tena kwenye simu."

Hellen alikuwa getini kwao, ameshika mbavu.

Somo, wadogo zangu: ukipanga kumdanganya mkulima, usimsomee namba kwanza.

Nilifika shule kwa miguu. Mvua ya Tukuyu haina adabu kabisa na kipara.